Watoto wa Ploti Moja

Kati ya mwaka 1980 na 1991 niliishi Eastleigh, Nairobi, katika ploti ya vyumba kumi na viwili ambamo hapakuwa na mpangaji hata mmoja aliyetimiza miaka thelathini. Nikilisema hilo hapa Kivaa, wazee wenzangu hutikisa vichwa. Kwao Nairobi ya siku zile iliwameza watoto wa Ukambani, na waliorudi walirudi wameharibika. Nimeyasikia maneno hayo tangu nikiwa msichana. Sasa kichwa changu kimejaa mvi, na nataka kusema niliyoyaona, maana mimi nilikuwako.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya mawe. Eastleigh ilianza kujengeka mwanzoni mwa miaka ya 1920, na kwa muda mrefu wenye kuijenga na kuikalia walikuwa Wahindi, pamoja na Wasomali. Nyumba zao nyingi zilikuwa za vyumba vilivyozunguka ua, lango moja tu likielekea barabarani, na ndani yake ukoo mmoja kuanzia babu hadi vitukuu. Baada ya uhuru Wahindi wengi walihamia Parklands na kwingineko. Waafrika wakazinunua nyumba zile, na haikuwachukua muda kutambua kwamba nyumba ya familia moja inaweza kutoa kodi kumi na mbili kila mwezi. Sebule ikakatwa katikati kwa mbao. Stoo ikawa chumba. Jiko nalo likawa chumba, na hicho ndicho nilichopewa mimi. Moshi wa miaka mingi ulikuwa umeingia darini, na hata nilipopaka chokaa weusi wake ulirudi baada ya mvua moja.

Nilifika Nairobi kushona. Karakana ilikuwa orofani karibu na River Road, na sare za shule tulizozishona ziliuzwa kwenye maduka ya Biashara Street. Baba alikuwa ameshapanga nikae kwa mjomba Makongeni, kwenye nyumba za Reli, na nilikaa huko kwa muda. Lakini mjomba alikuwa na chumba kimoja, mke na watoto sita. Usiku nililala chini ya meza, na alfajiri niliwakanyaga watoto nikitafuta viatu. Nilipopokea mshahara wa mwezi mzima nikaenda Eastleigh na msichana niliyeshona naye, tukalipa kodi na deposti, tukapewa ufunguo. Mwenzangu aliolewa mapema akaniachia chumba.

Habari zilifika Kivaa kabla yangu. Msichana ambaye hajaolewa, ana mlango wake mwenyewe, tena katika ua wenye wanaume! Baba aliniletea ujumbe kupitia kwa kondakta wa basi: nirudi kwa mjomba au nirudi nyumbani. Nilimjibu kwa njia ileile, kwa kutuma karo ya ndugu yangu.

Majirani zangu niwataje kwa kazi zao, ndivyo tulivyoitana. Palikuwa na Makanga, aliyening'inia mlangoni mwa matatu ya nambari 6. Palikuwa na Fundi Redio, kijana wa Siaya, ambaye chumba chake kilijaa redio za watu hata kitanda hakikuonekana. Wasichana wawili kutoka Kakamega walifanya kazi hotelini mjini. Sista alikuwa akisomea uuguzi, na Mwalimu, ambaye hakuwa mwalimu bali mwanafunzi wa Kenya Polytechnic, alipewa jina hilo kwa sababu aliandika barua za Kiingereza za kila mtu. Kulikuwa na kijana Msomali wa Garissa, utingo wa lori, ambaye akiwa safarini ufunguo wake aliuacha kwangu. Mimi nilikuwa Fundi Nguo.

Mwenye nyumba hakukaa pale. Alimtuma keyateka tarehe tano ya kila mwezi kukusanya kodi, na siku nyingine zote tulikuwa peke yetu: watu kumi na wawili au zaidi, waliotoka pembe zote za nchi, wengi wakiwa hawajawahi kuishi mahali pasipo na mzee wa kuamua ugomvi. Hapo ndipo watu wa nje hukosea. Hudhani kwamba pasipo mzee hapana sheria. Sisi tulikuwa na sheria kali kuliko za nyumbani, kwa sababu kila moja ilitokana na jambo lililotuuma.

Chukua maji. Ploti nzima ilikuwa na mfereji mmoja uani, na maji yalikuja yalivyotaka, mara nyingi usiku wa manane. Mwanzoni aliyeamka wa kwanza alijaza madebe yake yote, na aliyerudi kazini usiku akakuta mfereji unakohoa hewa. Watu walipigana kwa ajili ya hilo. Mmoja alipasuliwa kichwa kwa sufuria. Baada ya tukio hilo Mwalimu alichora ratiba kwenye karatasi ya shule akaibandika mlangoni mwa choo: nani anakesha usiku gani, kila chumba madebe mawili, hakuna la tatu mpaka wote wamepata. Asiyekesha zamu yake aliosha choo juma zima. Ratiba ile ilibadilishwa karatasi mara nyingi, lakini mpangilio wake uliendelea mpaka ploti ilipovunjika. Mgeni aliruhusiwa kulala siku tatu, kisha mwenyeji wake alimchotea maji kutoka kwenye fungu lake mwenyewe. Kwa sheria hiyo tu, ndugu wengi waliokuja kutafuta kazi walizitafuta kwa bidii.

Jioni kila mtu alitoa stovu mlangoni. Aliyekuwa na haraka ya kuchemsha maharagwe aliwasha makaa, na kuanzia miaka hiyo ya mwanzo ya themanini majiko mapya ya bati yenye udongo ndani, yanayofuliwa na mafundi wa jua kali wa Kamukunji na Shauri Moyo, yalianza kuonekana uani kwa sababu hayakula makaa mengi. Fundi Redio alijaribu redio alizozitengeneza, mbili au tatu kwa pamoja, benga ya Kiluo ikigombana na Kakai Kilonzo na Kilimambogo Brothers wake. Kilimambogo ikipigwa niliacha mwiko nikacheza, na watoto wa Siaya na Kakamega wakajifunza kutikisa mabega ya Kikamba. Jumamosi wanaume walikwenda City Stadium kutazama mpira, wengine wakiwa wa Gor Mahia na wengine wa Leopards, na wakirudi ilibidi tuhakikishe sufuria ziko mbali.

Usiku wa kuamkia Jumapili tarehe 1 Agosti 1982 tulisikia risasi. Kambi ya Jeshi la Wanahewa ilikuwa hapo hapo Eastleigh, kwa hiyo milio ilitufikia mapema kuliko watu wengi wa Nairobi. Asubuhi redio ikatangaza kwamba serikali imepinduliwa. Sauti iliyosoma ilikuwa ya mtangazaji Leonard Mambo Mbotela, ambaye wanajeshi walimtoa nyumbani kwake Ngara kabla hakujapambazuka. Tulifunga lango, tukalikingia pipa la maji.

Nyuma yetu, ukuta kwa ukuta, bado ilikuwepo familia moja ya Kihindi ambayo haikuhama: wazee wawili, mwana wao, mkewe na mabinti. Hatukuwa tukisalimiana nao sana. Waporaji walipoanza kuvunja maduka barabarani, tulisikia upande ule mlango ukipigwa na wanawake wakilia. Kijana wa Garissa alipanda juu ya tangi, akaketi juu ya ukuta kama mtu aliyepanda ngamia, akawavuta mmoja mmoja. Mabinti na mama yao walilala chumbani kwangu, na wazee kwa Sista. Tuliwapikia sukuma wiki, na bibi yule akaila kwa mikono inayotetemeka. Kilichotokea kwa mabinti wa nyumba nyingine siku ile, huko Ngara na Pangani na kwetu pia, watu wa umri wangu wanakijua, na ni aibu ambayo Nairobi haijaizungumza vya kutosha.

Mchana habari zikageuka: wanajeshi watiifu wameirudisha serikali madarakani. Jioni Makanga alirudi na robota la kitambaa cha suti begani. Nilikijua kitambaa kile kwa kukitazama tu, ni cha bei ambayo karakana yetu haikuwahi kuigusa. Hakuna aliyemfokea. Mwalimu alisimama langoni akamwambia, kwa upole kabisa, kwamba yeye anaingia, mzigo hauingii. Makanga alitukana, akakaa nje na robota lake mpaka saa ya kafyu ilipokaribia, kisha akaliacha mtaroni. Siku zilizofuata wanajeshi walipita nyumba kwa nyumba wakiuliza risiti za vitu vipya. Waliingia kwetu, wakapindua magodoro, wakatoka.

Ukame wa 1984 ndio uliomleta Baba Nairobi. Mvua ndefu ilikuwa imekataa. Huku kwetu mahindi yalikauka yakiwa kimo cha goti, ndengu zikakunjika kabla ya kutoa maua, ng'ombe wakauzwa kwa bei ya mbuzi. Unga ulikuwa haba hata mjini. Tulipanga foleni madukani kwa pakiti moja. Serikali ikaagiza mahindi ya manjano kutoka nje, na watu waliyala huku wakinung'unika kwamba hicho ni chakula cha mifugo. Baba alishuka kwenye kituo cha mabasi cha Machakos, kando ya Barabara ya Landhies, akiwa na gunia tupu lililokunjwa vizuri kwapani. Aliuliza njia mpaka Eastleigh kwa miguu.

Nilirudi kutoka kazini nikamkuta ameketi kwenye stuli uani, na ploti nzima imesimama imenyooka kama shule siku ya mkaguzi. Wasichana wa Kakamega walikuwa wamejifunga leso. Makanga, ambaye sikuwahi kumsikia akitamka sentensi bila tusi, alikuwa akimwita "mzee wetu" na kumwongezea chai. Lakini usiku ulikuwa unaingia na mimi nilikuwa na chumba kimoja na kitanda kimoja. Kwetu baba halali katika chumba cha binti yake, hata kama mvua inanyesha. Sikuwa nimemwambia mtu yeyote jambo hilo. Fundi Redio, Mluo asiyejua neno la Kikamba, alitoa redio zake zote akazipanga uani chini ya turubai, akatandika shuka safi, akampa Baba ufunguo. Baadaye aliniambia tu kwamba hata kwao ni hivyo hivyo.

Baba alisimama katikati ya chumba kile akiitazama balbu. Kila chumba kilikuwa na balbu moja, na swichi kuu ilizimwa saa nne usiku. Alikuwa amefanya kibarua cha kuchanganya saruji Kamburu, kabla bwawa halijakamilika mwaka 1974. Alikuwa ameyaona mabwawa yote yakipanda pale Tana, Kindaruma mwaka 1968, kisha Kamburu, Gitaru, na Masinga lililomalizika 1981 na maji yake yakafunika mashamba ya bondeni. Nyaya kutoka Kindaruma zilivuka Yatta mpaka kituo cha umeme cha Barabara ya Juja, karibu kabisa na mtaa wetu. Kivaa tulisomea koroboi.

"Moto huu nimeujengea nyumba," alisema, "na kwangu haujafika."

Hakusema kwa hasira. Aliuliza swichi iko wapi, akaizima, akaiwasha, akaizima tena, akatuambia tulale.

Asubuhi niliamka nikijua kwamba nina pakiti mbili tu za unga. Nilipofungua mlango gunia la Baba lilikuwa limesimama uani limefunguliwa mdomo, na watu wakipita kwenda kazini walimimina humo. Kila mlango ulitoa gorogoro moja, unga mweupe na wa manjano ukichanganyika, maharagwe, mchele kidogo wa kijana wa Garissa. Sista, ambaye posho yake ilikuwa ndogo kuliko ya wote, alitoa sukari. Hakuna aliyeitisha mkutano. Nilimpeleka Baba kituoni na gunia alilokuja nalo tupu halikuweza kubebwa na mtu mmoja. Kwa miezi mingi iliyofuata mzigo ulitoka ploti ile kwenda Kangonde, na kutoka njia panda ya Kangonde kuja Kivaa, na haukuwa wa kwetu tu. Ulikwenda Kitui, ulikwenda Embu, kulingana na jamaa wa nani waliokuwa na njaa. Watoto walioitwa wamemezwa na Nairobi ndio waliozilisha nyumba nyingi za kwetu Masinga mwaka ule. Baba hakuniambia tena nirudi kwa mjomba.

Sitaficha upande wa pili. Pale ambapo watu wote ni vijana, msiba ukija huwakuta hawajui la kufanya. Mmoja wa wasichana wa Kakamega alipata mimba na mwenye mimba akahama mtaa. Mtoto alizaliwa hospitali ya Pumwani, akaletwa uani, na tukagundua kwamba kati yetu ni Sista peke yake aliyejua kumwosha mtoto mchanga. Tukajifunza. Tulikuwa na chama cha kuzungusha, kila mwezi mmoja anachukua fedha zote. Zamu ile nilikuwa mimi, nilikuwa nimengoja kununua cherehani. Fedha zikaenda kwa mtoto, cherehani ikanunuliwa mwaka uliofuata, na ndiyo niliyoshonea mpaka macho yalipodhoofika.

Makanga hakubahatika. Kisa cha kwanza cha UKIMWI kilitambuliwa nchini mwaka 1984, lakini kwetu ulikuwa bado uvumi wa magazetini wakati yeye alipoanza kukonda, mwishoni mwa muongo ule. Alikohoa, akaacha kazi, akaacha kutoka chumbani. Ndugu yake alikuja mara moja, akasimama mlangoni bila kuingia, akaondoka. Sista wakati huo alikuwa ameshahitimu na alituonyesha jinsi ya kumgeuza na kumlisha. Ratiba ya maji ikaongezwa safu nyingine, ya kukaa na Makanga. Wengine waliogopa, nami niliogopa. Nilifua shuka zake kwa maji ya moto mpaka mikono ikachubuka, kwa sababu hapakuwa na aliyetuambia kwa uhakika ugonjwa ule hupitia wapi. Alikufa chumbani mwake na watu pembeni. Tulichanga tukamsafirisha kwao Murang'a, na kule kaburini tulijitambulisha kama ndugu zake. Hakuna aliyetupinga.

Ploti ilivunjika kwa sababu nyingi kwa pamoja. Mei 1990 vibanda vya Muoroto, karibu na kituo cha mabasi cha Machakos, vilibomolewa, na vijana wengi waliokuwa wakitubebea mizigo ya nyumbani wakatawanyika. Tarehe 7 Julai mwaka huo huo, siku ya maandamano ya Saba Saba, moshi wa vitoa machozi kutoka Kamukunji ulitufikia mpaka vyumbani. Kisha Januari 1991 serikali ya Siad Barre ikaanguka Mogadishu. Watu waliokimbia vita walifika Eastleigh wakihitaji pa kulala na pa kuuzia bidhaa, kodi zikapanda, nyumba za kulala wageni zikageuzwa kuwa maduka, Garissa Lodge ikiwa mfano unaotajwa hadi leo. Mwenye nyumba wetu alipata mnunuzi. Keyateka alituletea notisi ya mwezi mmoja. Wala hatukumlaumu mnunuzi, maana tulikuwa tumeshaanza kuwa watu wazima: Mwalimu alikuwa amepata kazi Mombasa, Fundi Redio ameoa na anataka vyumba viwili huko Umoja, mimi nikiwa na watoto na mume niliyempata foleni ya unga. Mahali petu sasa pamesimama jengo la orofa lililojaa mashuka na mapazia ya Uturuki na Dubai.

Niliporudi Kivaa kukaa, nilijenga vyumba vya kupangisha hapa sokoni, na umeme nimevutiwa. Wapangaji wangu ni vijana: walimu wa shule za msingi walioajiriwa kutoka kaunti nyingine, waendesha bodaboda, msichana wa duka la dawa, wawili wanaokodisha mashamba ya tikitimaji karibu na maji. Muziki wao ni mkubwa na milango yao inafunguliwa saa ambazo mimi nimeshalala. Majirani wameniletea malalamiko, na mwaka jana ujumbe wa wazee ulikuja kunitaka niwakataze wageni baada ya saa kumi na mbili jioni, au nipangishe watu wenye ndoa tu. Niliwapa chai, nikawauliza ni wangapi kati yao walikula unga wa manjano mwaka 1984, na kama wanajua ulitoka kwa nani. Wawili walijua. Tulizungumza mpaka jioni, na hatukukubaliana katika yote. Kuhusu muziki nimewaunga mkono, na wapangaji wameambiwa. Kuhusu wageni nimekataa, na msingi wa vyumba vingine viwili umeshachimbwa.